Osewe Hakugeuka

Kongo, Kawangware
Nairobi, 18 Februari 1996

Kwako Osewe,

Nakuandikia kwa anwani ya gazeti lako kwa sababu njia ya mdomo imenishinda. Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Toi kutafuta bawaba za milango. Nikakuona ng'ambo ya barabara, gazeti kwapani, unatembea vile ulivyokuwa ukitembea tukishuka jukwaani, bega moja juu. Nikakuita. Nikakuita tena kwa lile jina la utani tulilokupa zamani. Watu wa mitumba waligeuka wote. Wewe hukugeuka. Uliingia kwenye kichochoro ukapotea, nikabaki nimesimama na bawaba zangu kama mtu aliyeibiwa mchana.

Nimejiambia pengine ulikuwa na haraka. Nimejiambia na mengine. Unajua jinsi watu wa upande wenu na wa upande wetu wanavyotazamana siku hizi kila uchaguzi ukikaribia, na mimi sasa ni mwenye ploti, mtu wa kusemwa na kila mpangaji. Lakini tulipiga muziki pamoja, Osewe. Wewe mbele na gitaa, mimi nyuma na ngoma, na Makombora ikawa bendi ya roki ambayo vijana waliruka ua wa shule kuja kuiona. Nilidhani hayo yanatosha mtu kusalimiwa barabarani.

Sasa sababu ya barua. Binti yangu Shiru alikuja nyumbani Jumapili. Mama yake, Waceke, alimpikia, tukakaa, na hakusema zaidi ya maneno machache. Anasema ni kikohozi. Kila alipofungua mdomo, sauti ilikwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Waceke alimpa asali na limau. Jioni akarudi huko kwenu Sarang'ombe, kwa dada yako Aketch, anakoishi tangu ajiunge na hiyo bendi yako ya Kutu.

Sikumkataza kuimba. Ningemkataza angeenda tu, kama nilivyoenda mimi baba yangu aliponikataza. Nilikubali kwa sababu meneja ni wewe. Nilimwambia Waceke, Osewe ana masikio, kitu kikiharibika yeye atakuwa wa kwanza kusimamisha.

Naomba umpumzishe mwezi mmoja. Ni hilo tu. Na kama kuna mahali nilikukosea, niambie, kuliko kunipita kama nguzo ya stima.

Gachanja


Sarang'ombe, Kibera
2 Machi 1996

Baba Shiru,

Barua yako nimeikuta juu ya meza yangu gazetini, mtu ameiwekea kikombe cha chai. Nisamehe kwa ya Toi. Kichwa changu siku hizi kimejaa mambo, na kelele za soko lile unazijua. Sikukuona, sikukusikia. Hakuna uchaguzi hapo katikati. Mimi pia nina mwenye ploti wangu na sijawahi kumchukia. Namwogopa tu.

Hujaniuliza habari zangu lakini nitakupa, maana ni siku nyingi. Ulipoondoka kwenda kushika ploti za mzee wako, Makombora haikufa siku ile. Ilikufa polepole kama betri za redio. Disko ziliingia mjini, wenye baa wakaona kijana mmoja na santuri zake hana gharama ya wanaume watano wanaokula nyama. Gitaa likakosa kazi. Nikaanza kuandika barua kwa mhariri kulalamika, wiki baada ya wiki, hadi akaniita akaniambia afadhali nije nilalamikie ndani ya ofisi. Ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa habari. Nimekuwa na ukurasa wa muziki tangu hapo, na kazi kubwa ya ukurasa huo imekuwa kuzika. Wanamuziki wa rika letu wanaondoka, naandika walivyokuwa, naenda mazishini, narudi kuandika mwingine. Nimechoka, Gachanja. Nikiamka asubuhi nakuwa nimechoka tayari.

Ningeacha yote kama si hawa watoto. Niliwakuta kule kijiji cha Raila, hapa hapa Kibera, wanafanyia mazoezi kwenye kanisa la mabati, mchungaji amewaruhusu siku za wiki. Okoth kwenye besi, Ken kwenye gitaa, Amolo kwenye ngoma. Wanapiga roki, lakini si ile yetu ya kuiga sahani za ng'ambo. Yao ina mdundo wa benga ndani yake, na hasira ya mtu aliyepanga foleni ya maji akakuta bomba limekauka. Hawakuwa na meneja, hawakuwa na mtu wa kuwasemea kwa wenye kumbi. Nikasema nitabeba. Halafu binti yako akaja akaimba mbele yao, na kila mtu akaelewa bendi imepata kichwa.

Kwa hiyo nisikilize. Kikohozi cha Shiru ni vumbi. Mwezi wa pili Kibera nzima inakohoa. Mwezi mzima siwezi kumpumzisha, kwa sababu Murunga, yule mwenye studio mjini, ameahidi kuja kuwatazama. Akiwapenda watarekodi kanda. Wewe na mimi hatukuwahi kupata mlango wa namna hiyo. Nipe mpaka mwezi wa tano.

Nisalimie Waceke.

Osewe


Kongo, Kawangware
21 Aprili 1996

Osewe,

Tulikuja. Hukutuona. Jumapili ile mlipopiga kwenye ukumbi pale Sarang'ombe, mimi na Waceke tulisimama nyuma karibu na mlango, yeye amejifunga kitambaa kichwani asijulikane na Shiru.

Vijana wanajua kupiga. Huyo Amolo ana mkono mzito wa kushoto, lakini atajifunza. Kisha mtoto wangu akaimba, na Waceke akanishika mkono. Osewe, ile haikuwa sauti. Lilikuwa ni debe linalokokotwa kwenye simiti. Alikuwa akikaza mishipa ya shingo kutoa noti ambazo akiwa darasa la saba alizitoa akiosha vyombo. Mama mmoja pembeni yetu alisema, "Huyu msichana ni mgonjwa, kwani hana wenyewe?"

Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa kando ya jukwaa, mikono umekunja, unatikisa kichwa taratibu na kutabasamu. Tabasamu la mtu aliyeshiba. Niliondoka kabla sijafanya jambo la aibu.

Halafu Ijumaa nikafungua gazeti. Umeandika kuwa sauti ya msichana wa Kutu ni maji safi yanayoshuka bombani asubuhi. Niliisoma nikiwa kwa kinyozi. Waceke nilimficha.

Nilikujua ukiwa huwezi kumwongopea mtu hata kuhusu kamba ya gitaa. Tukipiga vibaya ulikuwa unasema tumepiga vibaya, mbele ya mwenye baa, hata kama bado hajatulisha. Sasa unaona mtoto anaharibika na unaandika maji safi, ili huyo Murunga asome aje. Umekuwa mchuuzi, na bidhaa yenyewe ni mtoto wangu.

Mrudishe nyumbani wiki hii.

Gachanja


Sarang'ombe, Kibera
27 Aprili 1996

Baba Shiru,

Nilimsomea Shiru barua yako, sehemu ya kurudi nyumbani. Amekataa. Ni mtu mzima, na mimi simfungi kamba.

Kuhusu hayo mengine, spika za ukumbi ule ni mbovu, zinakwaruza kila kitu. Tena mzazi akimsikiliza mtoto wake jukwaani anasikiliza kwa hofu, na hofu ina sauti yake. Shiru mwenyewe ameniambia yuko sawa. Nimemuuliza zaidi ya mara moja.

Neno mchuuzi limeniingia. Nitakaa nalo.

Murunga anakuja tarehe tano. Baada ya hapo apumzike anavyotaka.

Osewe


Kwa Aketch, Sarang'ombe
8 Mei 1996

Baba,

Sasa, uko aje? Naandika kwa sababu daktari amenikataza kuongea, hata kunong'ona. Bado niko kwa Auntie Aketch, na najua Mama anapanga kuja kunichukua. Sitakataa tena. Lakini kabla hujamfuata Uncle Osewe na hasira, soma hii yote, tafadhali, usirukeruke.

Uncle hasikii.

Sisemi hasikii vizuri. Hasikii. Sikio la kushoto lilienda kitambo, la kulia likafuata. Anasoma midomo ya mtu aliye mbele yake, na kwa hiyo yuko fiti sana, ndiyo maana hakuna anayejua. Ukimwita kwa nyuma ni kama umeita ukuta.

Mimi nilijua mwaka jana. Niliingia kwake mchana nikakuta redio imetoka steshoni, ni shhh tu. Ameketi kando yake anaandika, na mguu unagonga sakafu kama anafuata ngoma fulani. Nikasema, "Uncle, hiyo redio inasema nini?" Akaendelea kuandika. Nikaenda nikaizima. Mguu ukaendelea kugonga. Baba, nilisimama pale nikaogopa kweli kweli. Kisha nikamshika bega. Akaona mkono wangu kwenye redio, akaniuliza, "Umeizima katikati ya wimbo?" Nikatikisa kichwa. Nikamwambia polepole aone mdomo, "Hakukuwa na wimbo." Akafunika kalamu yake. Halafu akasema, "Usimwambie mtu, Shiru. Ofisini wakijua, nimekwisha."

Sikumwambia mtu. Tukaanza kusaidiana. Akiletewa kanda mpya, nilikuwa nasikiliza mimi, namwandikia: hapa gitaa limechelewa, huyu anaimba kwa pua, huyu ameiba wimbo wa watu. Yeye anaiweka kwa maneno yake. Ukurasa ule unaosoma kwa kinyozi, tangu mwaka jana ni masikio yangu na kalamu yake.

Sasa hapa ndipo kuna mimi. Koo lilianza kuniuma Desemba. Auntie Aketch nilimdanganya na tangawizi. Wewe na Mama niliwadanganya na kikohozi. Okoth na wengine waliniambia nipunguze, nikawakasirikia. Uncle hakuhitaji kudanganywa kwa kazi kubwa, kwa sababu kwake ilitosha nitabasamu. Kila shoo ikiisha alikuwa ananiuliza, "Leo imekuwa aje?" na mimi namwambia poa. Ile ya maji safi, Baba, hakuitunga apate pesa. Aliniuliza nikamwambia sauti ilikuwa safi. Aliandika nilichomwambia. Nilitaka kuimba hadi Murunga aje, na huyu ndiye meneja pekee Nairobi nzima ambaye hangeweza kunisimamisha. Nilijua hivyo. Nilikuwa najua vizuri.

Siku ya Jumapili ukumbi ulijaa. Murunga aliketi mbele na rafiki yake. Wimbo wa kwanza nilivuka. Wa pili, pale pa kupanda, hakukutoka kitu. Nilifungua mdomo ikatoka hewa. Nikajaribu tena, ikatoka kama mtu anayekabwa. Ken aliendelea kupiga akidhani nitaingia. Watu walinyamaza kwanza, kisha mmoja akapiga mluzi, wakaanza wote, wanagonga chupa kwenye meza, wanapiga kelele nishuke.

Uncle alikuwa kando ya jukwaa. Alichoona ni mikono juu na midomo wazi. Alidhani tumeshinda. Baba, alipanda jukwaani, machozi yamemjaa, akachukua maiki mkononi mwangu akasema, "Asanteni. Asanteni sana, watu wangu." Akainama. Watu wakaangua kicheko. Na yeye akaona wanacheka, akacheka pia.

Okoth aliweka besi chini, akaenda akamshika mabega akamgeuza atazame kiti cha Murunga. Kilikuwa kitupu. Halafu akamgeuza anitazame mimi.

Watu walipokwisha kutoka, Uncle alikunja waya za maiki moja moja, akazipanga kwenye boksi vizuri kama za kuuzwa. Tangu siku hiyo hajaja kwa Auntie.

Mkasirikie mtu, lakini gawanya.

Shiru


Sarang'ombe, Kibera
25 Mei 1996

Gachanja,

Waceke alipokuja kumchukua Shiru nilikuwa nyumbani kwa Aketch. Alinitazama, akafungua mdomo kusema kitu, kisha akaona haina maana, akanipa mkono. Ningependelea anitukane. Matusi nayasoma kwa urahisi, watu wakitukana wanafungua mdomo vizuri.

Sasa unajua. Ilianza na mluzi katika sikio la kushoto, miaka ile ya mwisho ya Makombora, nikaudhani ni uchovu. Nilikuwa nalala nao naamka nao. Baadaye nilipokuwa tayari mwandishi, daktari akanieleza kuwa mishipa ya ndani imekufa kwa makelele, na kwamba haifufuki. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi kiwanda gani. Nikamwambia nilikuwa nimesimama mbele ya spika, na nilizipenda.

Kwa nini sikusema? Umeniandikia kwamba uliniamini kwa sababu nina masikio. Kila mtu aliniamini kwa hayo hayo. Mhariri aliniajiri kwa hayo, vijana walinifuata kwa hayo. Nikiyatoa, anabaki mzee mmoja anayeishi chumba kimoja Sarang'ombe. Nilitaka kuahirisha kukutana na mzee huyo.

Shiru anasema alinidanganya. Usimwachie abebe hiyo. Mtu asiyeona akikubali kuendesha gari, utamlaumu abiria? Nilijua siwezi kumsikia na bado nilisimama mahali pa mtu anayesikia. Nilichoamini ni uso wake. Ana uso mzuri wa kuimba, unajua, macho yanafunga, kidevu kinapanda. Nilikuwa nautazama na kujazia sauti mwenyewe kutoka kichwani. Sauti niliyoisifu gazetini ni ile niliyoisikia mara za mwanzo kanisani Raila, wakati sikio la kulia lilikuwa bado linabakiza kidogo. Niliiweka. Nikawa naicheza kila anapofungua mdomo.

Gazetini nimemaliza. Wasomaji waliokuwa ukumbini waliandika, mhariri akanikalisha chini. Hakuwa mkali. Alizungumza huku ametazama dirisha, kwa hiyo sijui alisema nini, lakini nilielewa. Bendi nimemwachia Okoth.

Ulisema mchuuzi. Nimekaa nalo, na naona lilikuwa neno la huruma kuliko lile la kweli.

Usijisumbue kujibu.

Osewe


Kongo, Kawangware
7 Julai 1996

Osewe,

Nilianza barua tatu nikazichana. Hii nitaituma ilivyo.

Nilikuwa na hasira nawe. Bado ninayo kidogo, sitakuficha. Daktari ameona vinundu kwenye nyuzi za sauti za Shiru, kama sugu za mtu anayelima. Walimpasua mwezi uliopita. Ameambiwa anyamaze, kisha aanze kuongea polepole, na kuhusu kuimba wamesema tungoje tuone, na unajua daktari akisema hivyo anamaanisha nini. Nyumba yetu imekuwa na kimya cha ajabu. Anatembea na ubao mdogo wa kuandikia. Jana aliandika, "Baba, chumvi," nikaingia jikoni nikajifanya naitafuta muda mrefu kwa sababu sikutaka anione.

Lakini nimekuwa nikifikiria pia ile siku ya Toi. Nilirudi nyumbani nikakaa na hasira wiki nzima, nikatunga sababu za kabila, za ploti, za umaarufu wako. Sikufikiria hata mara moja kwamba mtu anaweza tu kuwa hasikii. Na mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako na yale matoazi, nikiyagonga kwa nguvu zote upande wako wa kushoto. Nilikuwa najisikia mwanaume nikiyagonga. Hilo silitoi kichwani.

Nitakuambia lingine. Miaka yote hiyo nilisoma ukurasa wako kwa wivu. Mimi nilikuwa natatua ugomvi wa choo na nani ameacha bomba wazi, wewe uko na muziki. Nilidhani ulibaki ndani na mimi nikatoka. Kumbe wote tulikuwa nje, ni vile wewe ulikuwa umesimama karibu na dirisha.

Nina chumba huku Kongo, mpangaji ametoka. Kina mwanga, kiko mbali na barabara. Njoo ukae. Hatutazungumza mambo ya kodi. Waceke amekubali. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

Gachanja


Sarang'ombe, Kibera
18 Agosti 1996

Gachanja,

Asante kwa chumba. Sitakuja.

Usichukulie vibaya. Nikiingia humo nitakuwa mtu unayemhurumia ukipita uani, na nitamwona Shiru na ubao wake kila asubuhi. Sina nguvu hizo. Hapa angalau majirani hawakuwahi kunijua nikiwa chochote.

Nimepata kazi Industrial Area, kwa watu wanaochapa kalenda na vitabu vya risiti. Nasoma nakala kabla hazijapelekwa kwenye mashine, natafuta makosa. Mashine zinanguruma siku nzima, wenzangu wanajaza pamba masikioni na bado wanarudi nyumbani na maumivu ya kichwa. Wananishangaa mimi. Wanasema huyu mzee ana kichwa kigumu. Nawaacha waseme. Ni kazi nzuri kwa mtu aliyechoka. Mwaka wa kesho wote nimeushika mkononi tayari, hauna lolote, ni tarehe tu.

Matoazi yasikusumbue. Niliyasogelea mwenyewe.

Mwambie Shiru, au mwonyeshe, kwamba simdai kitu na yeye asinidai. Usiandike tena kwa muda, ndugu yangu. Kila barua inanirudisha pale ukumbini, na mimi natoka hapo polepole sana.

Osewe


Kongo, Kawangware
13 Oktoba 1996

Uncle Osewe,

Baba amesema ulimwomba asiandike. Hukuniomba mimi.

Naongea sasa. Sauti imerudi lakini si ile. Imeshuka chini, ina mchanga ndani. Nikipokea simu ya jirani watu wananiita "bwana". Mara ya kwanza nililia. Siku hizi namwacha mtu aendelee hivyo hadi mwisho, namsikia anavyoaibika akigundua. Kuimba sijui. Kuna noti nne tano za chini ambazo ninakaa nazo nikifua, basi. Zile za juu zimeenda, na nimeacha kuzitafuta.

Kutu bado wapo. Okoth ni mtu wa besi, hawezi kubishana na wenye kumbi, anakubali kila kitu. Wamenifuata wakaniomba niwe meneja. Nimesema ndiyo. Nimegundua sijui lolote. Sijui mtu anaombaje ukumbi, sijui unamjibu nini mwenye baa akisema wapige kwanza ndipo mtaelewana. Wewe unajua hayo yote na umeketi Industrial Area unasahihisha majina ya miezi.

Sikuiti kwa huruma. Mwaka mzima nilikutumia kwa sababu hukunisikia, na wewe ulinitumia kwa sababu nilisikia. Tulikuwa tunaogopa wote wawili. Sasa sina sauti ya kuficha na wewe huna masikio ya kuficha. Nadhani ndipo tunaweza kufanya kazi.

Kama hutajibu, Baba atakuja huko. Namjua. Amekuwa akizunguka na hiyo akilini wiki mbili, kila siku anatafuta sababu ya kwenda Kibera na hana.

Shiru


Kwenye mlango wako
Jumamosi, 9 Novemba 1996, mchana

Osewe,

Hii nimeiandikia gotini, usijali mwandiko.

Tuko hapa nje, mimi na Shiru. Nimebisha mpaka mkono ukauma, ndipo Shiru akanitazama vile mama yake hunitazama, nikakumbuka. Jirani yako, mama mmoja anaitwa Nasipwondi, ametuambia uko ndani tangu asubuhi, na ametuletea mabenchi. Amesema kila Jumamosi huwa hivi. Amesema hakujua wewe ni kiziwi, alidhani ni mtu wa maringo.

Hata asingesema, gitaa tunalisikia. Kamba ya tatu imelegea karibu nusu noti, na wewe unapiga kama mtu ambaye haimhusu. Ule wimbo siujui. Nimejaribu kuukumbuka kati ya zile zetu, si wa Makombora. Nadhani ni mpya. Nadhani ni wako, na hakuna mtu amewahi kuusikia, hata wewe.

Nilikuwa nataka kuipitisha karatasi hii chini ya mlango tangu mwanzo, Shiru akanizuia, akasema tungoje umalize. Pale katikati, unapoteremka kisha unarudi, ameanza kuimba nawe. Zile noti zake za chini. Amekaa hapa kwenye benchi, ameegemeza kichwa ukutani, anaimba kidogo kidogo, na Nasipwondi ameacha kuchambua mboga. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia. Inakaa vizuri. Sikudanganyi, nisingethubutu. Ile kamba ndiyo inaharibu.

Sasa umenyamaza. Karatasi ndiyo hii inaingia.

Fungua, nikukazie hiyo kamba.

Gachanja